Mwanamke Aliyetandika Vitanda vya Baharini

Kitanda changu cha kwanza cha ndoa nilitandikiwa na mwanamke ambaye nilikuwa hata simjui. Ilikuwa siku tuliyohamia Boko, mie na mume wangu, na mizigo yetu imeshushwa juani mbele ya vyumba viwili tulivyopanga. Mume wangu alikuwa anabishana na wabeba mizigo juu ya kabati lililokataa kupita mlangoni. Mie nimekalia godoro, nimechoka, nakaribia kulia. Mwanamke wa makamo, kanga kiunoni, akatoka nyumba ya pili, akanisalimu, akaniomba nisimame. Akaliinua lile godoro peke yake kwa ubavu, akaingia nalo ndani. Nilipomfuata alikuwa tayari anauliza mashuka yako wapi.

"Kitanda kwanza," aliniambia. "Vingine vyote vinaweza kusubiri. Mtu akishajua pa kulala, amefika."

Alipomaliza, shuka lilikaza kama ngozi ya ngoma, pembe zimekunjwa chini ya godoro kwa namna ambayo sikuwahi kuiona hata hospitali, na mito imesimama wima kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Mume wangu alipokuja kulala alisita. Alisema anaona aibu kukiharibu.

Mtaa mzima ulimwita Mama wa Melini. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini nikilitaja hapa hata majirani zangu hawatajua namzungumzia nani. Alikozaliwa, ukoo wake, kwa nini hakuolewa, hayo watu wa mtaa waliyatunga wenyewe, kila mmoja na lake, na mie sitaongeza langu. Ninachokijua ni kwamba kwa miaka kumi na minane alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli za starehe, na kwamba aliporudi alijenga nyumba yake Boko, akakaa.

Kuhusu hizo meli alikuwa na maelezo ya kurekebisha watu. Mtu akisema "zile meli kubwa kama ghorofa," alimkatiza. Zile zinazobeba watu maelfu alizidharau. Aliziita stendi ya mabasi inayoelea. Zake zilikuwa ndogo, nyeupe, pua ndefu, zenye umbo la boti ya tajiri, wageni wapatao mia na wahudumu karibu idadi hiyo hiyo. Kwa udogo wake meli iliweza kuingia kwenye vighuba ambavyo meli kubwa huviona kwa darubini tu. Nyuma palikuwa na ubao uliofunguka mpaka usawa wa maji, mgeni akitaka kuogelea anashuka kama anayeshuka kwenye baraza ya kwake. Hakukuwa na foleni ya chakula wala kengele ya kula. Mgeni alikula saa aliyotaka, mahali alipotaka.

Hayo alitusimulia alasiri, tukichambua mchele kwenye ukumbi wake. Aliyeyapokea kwa shida kuliko wote ni Bi Mwajuma, muuza maandazi, ambaye siku moja aliuliza hao watu kwani wanakuwa wanakwenda wapi.

"Hawaendi popote," Mama alimjibu. "Wanazunguka siku kumi, wanarudi walipotoka."

Bi Mwajuma akafikiri, mikono ndani ya ungo, kisha akasema hata mbuzi wake hufanya hivyo kila siku, tena bure. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini baada ya hapo alitueleza jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi. Alisema sie tunadhani wale watu wananunua dhahabu ya kwenye mabomba au samaki wa bei mbaya. Hapana. Wanachonunua ni mtu wa kuwajua. Mtu anayejua kwamba unapenda chai yako bila maziwa asubuhi na kwa maziwa jioni, na anakuletea kabla hujafungua mdomo. Nyumbani kwao, alisema, wengi hawana mtu wa hivyo.

Na kujua watu ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa. Mgeni akipanda saa nane mchana, kabla ya chakula cha jioni mhudumu alitakiwa awe anajua jina lake, jina la mwenzake, na la mbwa aliyemwacha nyumbani. Alikuwa na madaftari ya mambo hayo, membamba, ya kuingia mfukoni. Aliwahi kunisomea. Bwana wa chumba cha kumi na mbili, asiwekewe maua, yanamkumbusha mazishi ya mkewe. Dada wa chumba cha tisa, aachiwe taa ya bafuni, anaogopa giza lakini hatasema. Mama wa chumba cha saba, anasema hataki chokoleti kwenye mto, iweke.

Tabia hiyo aliihamishia mtaani kwetu. Yule bwana aliyetuletea maji kwa mkokoteni sote tulimwita muuza maji. Yeye alimwita Elias, akajua mkewe kajifungua lini na goti lipi linamsumbua. Wakati wa mgawo, maji yanapokuwa ya kugombewa, mkokoteni wa Elias ulianzia kwake, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Mwanangu wa kwanza alipokuwa hashikiki kwa kulia, nyanya zake wawili wakishindwa, Mama wa Melini alikaa naye alasiri moja tu, kisha akanieleza kuwa mtoto anataka dirisha liwe wazi, anapenda kusikia watu wanaopita. Tulilifungua. Akalala.

Lakini mtu asidhani alikuwa mpole muda wote. Watu wengi walimwona ana kiburi kwa sababu hakutabasamu ovyo. Nilipomzoea nilimuuliza. Alijibu kwamba ametabasamu miaka kumi na minane kwa mkataba, sasa anatabasamu akitaka. Kanisani aligombana na mama wa kwaya kwa ajili ya kitambaa cha altare kilichokunjwa hovyo, wakakaa miezi mitatu bila kupeana mkono wa amani, na aliyeanza kuomba radhi hakuwa yeye. Harusini hakukalika naye. Unamwacha mezani na sahani yake, ukigeuka hayupo, ukienda jikoni unamkuta anawapanga wapakuaji. Kuhudumiwa kulimwasha mwili kama upupu.

Bahari yenyewe aliiogopa. Hakujua kuogelea. Toka nyumbani kwake hadi ufukweni ni mwendo mfupi kwa miguu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kusikia ameenda. Mara moja shule yangu ilipowapeleka wanafunzi kucheza pwani nilimwomba atusaidie kuwaangalia. Alikuja mpaka pale mchanga unapoanzia, akasimama na viatu vyake, akahesabu watoto kwa mbali. Nilipomtania, aliniuliza kama mfanyakazi wa benki hupenda kwenda benki siku ya Jumapili.

Na hakupenda uongo, hata ule mdogo wa kurahisisha maisha. Mie ni mtu wa Njombe, kwetu mtu akikupa chakula kibaya unakisifia. Yeye alikisema. Nilipomwambia kwamba anaumiza watu, alisema melini alidanganya kwa upole kutwa nzima. Hakuna shida, madamu. Ni furaha yangu, bwana. "Nikashiba, Mwalimu," alisema. Mie ni mwalimu wa shule ya msingi na ndivyo alivyoniita siku zote, ingawa jina langu alilijua, la kwangu na la babu yangu pia.

Mwaka wa pili wa ujirani wetu akaanzisha darasa. Alitoa makochi sebuleni, akaweka kitanda katikati, akakusanya mabinti sita waliokuwa wamekaa tu nyumbani baada ya kumaliza shule. Aliwafundisha kutandika, kusafisha bafu bila kuacha alama ya kidole, kugonga mlango, kuingia chumba cha mtu na kutoka bila kuacha dalili kwamba ulikuwemo. Mie niliwafundisha Kiingereza cha kazini siku tatu kwa wiki. Wengi walipata kazi kwenye hoteli za Msasani na nyumba za wageni. Kundi likiisha, linakuja jingine.

Katika makundi yote aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote ni Zuhura, binti wa Goba. Huyu hakutaka hoteli. Alitaka meli. Akatafuta wakala mwenyewe, akafanya usaili, akakubaliwa. Ilibaki barua moja tu ya mtu anayejua kazi yake. Akaja kuiomba akiwa na furaha, mie nipo. Mama alichukua kalamu, kisha akamuuliza kama mama yake anajua. Zuhura akasema mama yake anaumwa sana figo, hakutaka kumpa presha. Angempigia simu akishafika.

Mama akaiweka kalamu mezani. "Sitaandika."

Zuhura akadhani ni utani. Alipoona si utani, akalia. Mie nikaingilia, nikasema binti ana umri wake, nafasi kama hii hairudi. Mama hakubadilika uso. Akasema Zuhura aende akamuage mama yake, uso kwa uso, amweleze ni miezi mingapi na mbali kiasi gani. Akiruhusiwa, ataandika hata kurasa kumi. Binti aliondoka kwa hasira bila kuaga, na kwa wiki mbili hatukumwona. Niliona ni ukatili, na nilimwambia hivyo.

Wiki ya tatu bajaji ilisimama mlangoni. Zuhura akashuka, akamshika mkono mama yake, wakaja taratibu sana, mguu mmoja baada ya mwingine. Mama yule, mwembamba, uso umevimba, alikaa kwenye kiti, akavuta pumzi, akasema, "Mwandikie. Nimeshamuaga." Barua ikaandikwa pale pale. Zuhura yuko baharini hadi leo, na mama yake yupo hai, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, anasikiliza sauti za binti yake kwenye simu.

Sikuelewa ile sura ya Mama siku ile mpaka siku aliyonichukua kwenda naye bandarini.

Aliyekuwa msimamizi wake, mama mmoja Mfilipino, alimwandikia kwamba meli yao itatia nanga Dar kwa siku moja ikitokea Zanzibar, na kwamba ameomba ruhusa apande yeye na mwenzake mmoja wale chakula cha mchana. Mama alivaa gauni la kitenge na viatu vya kufunika. Mie nilivaa kama naenda kwenye sendoff. Tulipita katikati ya makontena na vumbi na makelele ya magari makubwa, halafu ghafla ile meli ikawa mbele yetu, nyeupe, ndogo kuliko nilivyofikiri, safi kiasi kwamba nilianza kujifuta viatu kabla sijafika ngazini.

Juu tulipokelewa na mhudumu mwenye sinia la vitu vyeupe vilivyoviringishwa. Nikadhani ni kitafunwa, nikachukua kimoja, nikakielekeza mdomoni. Mama akaninong'oneza kwamba ni taulo, Mwalimu, ni za kufutia mikono. Ilikuwa na ubaridi na harufu ya limau. Sitaha ilikuwa ya mbao tupu, rangi ya asali, inasuguliwa kila alfajiri. Palikuwa na kimya cha ajabu. Nje kidogo tu wapakuaji wa bandari wanapiga kelele, lakini pale juu wazee wawili wa Kizungu walikuwa wanasoma vitabu, na kila baada ya dakika chache mtu anatokea, anasogeza mwavuli uwafuate na jua, anapotea.

Yule Mfilipino alimkumbatia Mama kwa muda mrefu. Walizungumza kwa Kiingereza cha haraka, cha kwao, kilichochanganyika na lugha zote za jikoni. Akatutembeza. Nikaona bafu la marumaru, nikaona maktaba, nikaona kitanda ambacho nilikitambua mara moja kwa pembe zake. Tukafika sitaha ya juu, chumba cha tatu. Msimamizi akafungua, mie nikaingia, nikashangaa dirisha linaloanzia sakafuni. Nilipogeuka, Mama alikuwa bado amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Ingia uone," nilimwambia.

"Nimeshakiona."

Msimamizi akainamisha macho, akafunga mlango taratibu. Mezani Mama alikula vijiko viwili vya supu. Wahudumu walipokuja kuondoa vyombo alianza kuwapangia sahani, na rafiki yake akamshika mkono, akauweka chini.

Tulipotoka getini hakutaka kupanda gari. Aliniongoza hadi kibandani kwa mama ntilie mmoja nyuma ya bandari, akaagiza wali na samaki, akala wote, akanawa. Ndipo akanisimulia, akiangalia sahani tupu.

Chumba cha tatu kilikuwa cha bibi mmoja, mjane, aliyesafiri peke yake kila mwaka, meli ile ile, chumba kile kile, na kabla ya kulipia nafasi alikuwa anauliza kama yule mhudumu Mtanzania atakuwepo. Miaka saba mfululizo. Alijua bibi analala upande gani. Bibi naye alijua mambo ya Temeke, alijua kwamba mama yake Mama anaishi Mtoni Kijichi kwa mwanawe wa kiume, mchonga vinyago, na kila safari alimtumia huyo mama kitenge cha huko alikotoka, kama kinaweza kuitwa kitenge.

Safari ya mwisho walikuwa kaskazini kabisa, kwenye visiwa vya baridi. Asubuhi moja simu ikaja kutoka kwa mdogo wake, yule mchonga vinyago. Mama amezidiwa, njoo. Akaenda kwa nahodha, na nahodha akamruhusu. Kesho yake wangefika bandarini, tiketi ingekuwa tayari. Usiku huo huo bibi wa chumba cha tatu moyo ukashindwa kazi. Wakafika bandarini wote wawili, yeye na begi lake la kwenda nyumbani, bibi kwenye machela. Hospitali ile ilikuwa ndogo. Binti pekee wa bibi alikuwa upande mwingine wa dunia, angefika baada ya siku tatu. Bibi alimshika mkono, akamwomba asiondoke.

"Nilibaki, Mwalimu," alisema. "Hakuna aliyenilazimisha. Nahodha aliniambia nenda. Tiketi nilikuwa nayo mfukoni."

Alimpigia mdogo wake kumweleza kwamba atachelewa siku tatu, kuna mzee anakufa hana ndugu. Alifikiri mama yake ana mwanawe, ana wakwe, ana majirani. Alifikiri pia kwamba mama atamsubiri, kwa sababu siku zote alikuwa amemsubiri. Na jambo jingine, hili alilisema kwa taabu: alikuwa amezoea kuitwa na kuitika. Aliye karibu akiita, miguu yake haikujua kukataa. Mama yake alifariki siku ya pili. Bibi alifariki siku ya tatu, saa chache kabla binti yake hajatua. Yeye ndiye aliyemfumba macho.

Alifika Temeke watu wameshatoka makaburini siku nne. Ndugu na majirani walikuwa tayari na maneno ya kumfariji. Walisema wazungu wa meli ndivyo walivyo, hawana huruma, wamemnyima ruhusa. Angeweza kunyamaza tu, wote wangeamini. Lakini alisimama mbele ya mdogo wake, akasema ruhusa alipewa, hakuitumia, na akasema kwa nini.

Mdogo wake akamuuliza huyo Mzungu alikuwa nani kwake. Kisha akageuka, akawaambia wake wa ndugu, "Mpeni mgeni kiti."

Alifanya kazi melini miezi michache tu baada ya hapo, akarudi moja kwa moja. Kwa miaka kumi na moja alikwenda Mtoni Kijichi kila Krismasi na kila siku ya kumbukumbu ya mama yao. Kila mara mdogo wake alitoka kwenye magogo yake ya mpingo, akajipangusa vumbi, akampa kiti, soda baridi, na kumuuliza kwa heshima habari za Boko. Hakumwita Dada tena. Anapoondoka alimshukuru kwa kuja kuwatembelea. "Hata kama angenitukana," aliniambia pale kibandani, "ningejua bado niko nyumbani."

Nililipia chakula, tukapanda gari.

Mwaka jana, siku ya Jumanne, alinigongea mlango asubuhi akiwa na begi moja. Mtoto wa mdogo wake amepiga simu. Baba yake ameanguka kwa kiharusi, ametolewa hospitali, upande wa kulia wote umekufa, mkewe alishatangulia mbele ya haki, na yeye kijana anafanya kazi Dodoma, hawezi kukaa. Akanipa ufunguo na orodha ya mabinti. Sikumkumbusha kwamba huyo mtu hamtaki. Alikuwa ameshafika barabarani.

Mwanzoni habari za simu zilikuwa mbaya. Mdogo wake hakuweza kusema, lakini aliweza kugeuza uso ukutani. Siku mbili alikataa kula mkononi mwake. Alikula tu kijana wake alipomlisha, kabla hajarudi Dodoma. Mama hakumbembeleza. Alibadilisha mashuka, akamgeuza kila baada ya saa mbili, akamnyoa. Siku ya tatu njaa ilimshinda. Baada ya hapo simu zake zikawa fupi, na kwa wiki kadhaa hakupiga kabisa.

Nikaamua kwenda. Ilikuwa Jumamosi, shule zimefungwa. Nilimkuta uani anaanika mashuka, amekonda, nywele hazijasukwa. Magogo ya mpingo yalikuwa yamepangwa ukutani, na juu yake kinyago kimoja kilichoishia mabegani. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa kigoda, naye akakaa juu ya gogo. Nilimuuliza mgonjwa anaendeleaje. Akasema sasa anasema, maneno yanaburuzika, lakini yanaeleweka. Kisha akasema kwamba la kwanza alilolisema lilikuwa baya kuliko yote.

Ilikuwa asubuhi, anamlisha. Mdogo wake akasukuma kijiko kwa mkono wa kushoto, akaanza kuhangaika na mdomo. Alihangaika muda mrefu. Lililotoka ni kwamba mama yao, siku ile ya mwisho, alimuuliza dada yake yuko wapi. Akamjibu kwa hasira kwamba yuko kwa Mzungu anayekufa, amemwona huyo ndiye wa maana. Na mama yao akasema, "Mwacheni amalize. Mgonjwa haachwi njiani."

Basi. Mama yao alisema hivyo, akalala, hakuamka. Na huyu mtu aliyafungia maneno hayo kifuani miaka kumi na moja, kwa sababu, alisema, aliyeambiwa ni yeye, na aliyekuwa pale ni yeye.

Nilimwambia Mama kwamba lazima alifarijika. Aliniangalia kama vile nimesema jambo la kipumbavu.

"Nilikasirika, Mwalimu. Nilitaka kumtupia bakuli. Hayo maneno yalikuwa yangu, mama yangu kaniachia mie, yeye kayakalia."

Alitoka nje, akakaa pale pale tulipokuwa tumekaa, katikati ya magogo. Alifikiria kuchukua begi lake arudi Boko. Alikaa hivyo mpaka saa ya kumgeuza mgonjwa ikafika. Mtu wa kiharusi asipogeuzwa anaota vidonda. Akainuka, akaingia, akamgeuza. Mdogo wake alikuwa analia kwa jicho moja, lile la upande ulio hai. Akamfuta. Akamwambia mie nilichelewa, wewe ulinificha, tumelingana, na kuanzia leo tusidaiane. Kutwa nzima hakumsemesha tena. Alimlisha, akamwogesha, akambadilishia nguo, bila neno. Kesho yake akamsalimia.

Alikuwa bado anaongea tulipomsikia mgonjwa chumbani. Sauti nzito, maneno yakivutwa moja moja. Alikuwa anauliza nani kapika uji huu.

"Mie," Mama akajibu, bila kuinuka.

Hauna sukari, sauti ikasema.

"Daktari amekataza sukari."

Mgonjwa akasema, polepole, akihakikisha kila neno linatoka, "Dada. Una roho mbaya."

"Ninayo. Kunywa."

Nilitazama uso wake. Mwanamke aliyewahi kuandika daftarini kwamba fulani aletewe asali ya namna fulani kwenye kijiko cha namna fulani, alikuwa amekunja mikono na hana mpango wa kwenda popote. Chumbani mtu akaguna, akanung'unika jambo kuhusu wanawake wa Boko. Halafu tukasikia kijiko kinagonga bakuli, kikapumzika, kikagonga tena.